Huyu Bado Hajasikia

Mdogo wangu halipendi neno "kuchoma", na simlaumu. Ana ualbino. Jua limemchoma tangu akiwa anatambaa, naitrojeni ya baridi kali ya hospitalini imemchoma masikio na paji la uso mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na nyuma ya shingo ana kovu la kisu cha upasuaji lenye urefu wa kidole changu cha shahada. Kwa hiyo daktari wa ngozi aliposema kwamba safari hii atatibiwa kwa taa, aliuliza swali moja tu: "Inachoma?"

"Haichomi," daktari akasema. "Inaamsha dawa."

Tulipotoka nje akanigeukia. Mimi nafundisha baiolojia, na katika ukoo wetu hilo linatosha kunifanya mtaalamu wa kila kitu, kuanzia kikohozi hadi kansa. "Dada, taa inaamshaje dawa? Kwani dawa ilikuwa imelala?" Nikaanza kueleza, nikajikwaa kwenye sentensi ya pili. Maneno ya vitabuni nilikuwa nayo, lakini sikuwa nimeyaelewa kiasi cha kumweleza mtu ambaye ngozi yake ndiyo itakayowekwa chini ya hiyo taa. Makala hii ni jibu nililompa vipande vipande siku ya matibabu, pamoja na yale niliyoyasoma usiku wake nikijisahihisha.

Siku yenyewe tulifika saa tatu asubuhi, tukaambiwa tusubiri saa tatu. Mdogo wangu alidhani muuguzi anatania.

Kabla ya kusubiri kulikuwa na kazi ya dakika chache. Kwenye paji la uso, kwenye ncha za masikio na mgongoni mwa mikono alikuwa na vigamba vikavu, vile ambavyo ukipitisha kidole unavihisi kabla ya kuviona, maana vinakwaruza kama msasa. Madaktari huviita keratosisi ya jua. Hiyo si saratani bado, ila ni kitalu chake. Vingi hukaa hivyo hivyo miaka na miaka, vingine hutoweka vyenyewe, na vichache huzama chini na kuwa saratani ya seli bapa, ambayo ndiyo inayowaandama zaidi watu wenye ualbino. Muuguzi alivikwangua taratibu, akapaka krimu nyeupe, akafunika kwa plasta na karatasi ya alumini ili mwanga usipenye. Basi. Tukakaa.

Nilianzia pale tatizo lilipoanzia, kwenye jua. Mwanga wa jua una mawimbi ya urefu tofauti, na yale mafupi ya urujuanimno, kati ya nanomita 280 na 315 hivi, hufyonzwa na DNA yenyewe. Herufi mbili za DNA zilizokaa jirani hugandana, na seli inapotaka kunakili maandishi yake inasoma vibaya. Kwenye ngozi yenye melanini ya kutosha, chembe za rangi hujipanga juu ya kiini cha seli kama mwavuli. Mdogo wangu hana mwavuli huo.

Hata hivyo seli haikai tu ikisubiri kuharibiwa. Ndani yake kuna protini iitwayo p53, ambayo hupokea taarifa za uharibifu wa DNA kutoka kila upande. Taarifa zikiwa ndogo, husimamisha mgawanyiko wa seli ili ukarabati ufanyike. Zikizidi, hutoa amri ya mwisho: seli ijiue. Sehemu ya ngozi inayochubuka siku chache baada ya kuungua na jua ni seli zilizotii amri hiyo. Walikubali kufa, ndiyo maana hawakuwa saratani. (Najua seli si watu, na wanafunzi wangu nawakata alama kwa kosa hili la ngeli. Lakini hapa sarufi inanishinda.)

"Kwa hiyo p53 ni fyuzi," mdogo wangu akasema.

Yeye ni fundi simu. Kazi hiyo aliichagua kwa sababu hufanyika ndani, mbali na jua, na lenzi ya kukuza anayoifunga kichwani inamsaidia macho. Nikamwambia ndiyo, ni fyuzi. Na kwenye vigamba vingi kama vyake, jeni ya p53 yenyewe imepigwa na miale ile ile na kuharibika. Akaelewa kabla sijamaliza: "Mtu kaunganisha waya juu kwa juu. Fyuzi ipo lakini haikati tena." Nimetafuta mfano bora kuliko huo tangu siku ile, sijaupata.

Ubaya wa jambo hili uko kwenye hatua inayofuata. Seli yenye p53 mbovu imezungukwa na majirani wazima. Jua likichoma tena, majirani wanasikia amri na kufa, yeye hasikii. Nafasi iliyoachwa wazi anaijaza kwa watoto wake, viziwi kama yeye. Kila kuungua ni kura inayompigia kaidi. Ndiyo maana naona hesabu ya "niliungua mara moja tu mwaka huu" inadanganya sana: mara hiyo moja haikuongeza madhara tu, ilifyeka uwanja kwa ajili ya wale waliokwisha haribika.

Sasa, utamuuaje mtu asiyesikia? Mionzi mingi na dawa nyingi za saratani huharibu DNA na kutegemea kwamba p53 itapokea habari na kutoa amri. Kwa seli hii ni kumpigia simu mtu aliyezima simu. Tiba ya mwanga inapita mlango mwingine, na mlango huo ulikuwa unafunguliwa chini ya plasta muda ule ule tuliokuwa tunapiga soga.

Krimu aliyopakwa si dawa, na hili ndilo lililonifanya niikubali tiba hii. Ni malighafi. Karibu kila seli mwilini hutengeneza hemu, kile kiini chenye chuma ambacho kwenye damu huupa wekundu wake. Utengenezaji wake una hatua nane, unaanzia kwenye mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, unatoka nje kidogo, kisha unarudi kumalizikia humo humo. Hatua ya kwanza ndiyo lango: inatengenezwa molekuli ndogo iitwayo asidi ya aminolevulini, na hemu ikishatosha, hemu yenyewe inatuma ujumbe kurudi nyuma na kulifunga lango. Kiwanda chenye adabu kabisa.

Krimu ina umbo la asidi hiyo hiyo. Inaingia kwenye kiwanda baada ya lango, kwa hiyo ujumbe wa "inatosha" haufanyi kitu. Seli inapokea mzigo na kuufanyia kazi hatua baada ya hatua hadi inafika kwenye molekuli ya kabla ya mwisho, protoporifirini IX. Iliyobaki ni kimeng'enya kimoja tu cha kupachika chuma. Kwenye seli nyingi za saratani na za vigamba hivi, kimeng'enya hicho ni kizito kazini. Porifirini inarundikana. Isitoshe, juu ya kigamba ngozi haina ufungaji mzuri, hivyo krimu hupenya pale kwa urahisi kuliko kwenye ngozi nzima iliyo pembeni. Kwa hiyo seli mbaya inajipikia sumu yake yenyewe kwa mapishi ya kila siku, na inaiweka kwenye mitokondria zake, bila mtu kuipeleka huko.

Dawa ilikuwa imelala, basi. Mdogo wangu alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Ilibaki kama saa moja, nikamsimulia habari za Oscar Raab. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari mjini Munich, chini ya Profesa Hermann von Tappeiner, akichunguza jinsi rangi iitwayo akridini inavyowaua paramesia, vile viumbe vya seli moja wanaoogelea kwenye maji ya madimbwi. Majibu yake hayakulingana. Siku moja wanakufa upesi, siku nyingine wanadumu saa kadhaa, na kipimo cha rangi ni kile kile. Kilichobadilika kilikuwa mwanga wa chumbani. Rangi peke yake haikuua, mwanga peke yake haukuua, viwili kwa pamoja viliua. Alichapisha mwaka 1900, na kufikia 1903 von Tappeiner na daktari wa ngozi Jesionek walikuwa wanapaka rangi iitwayo eosini kwenye uvimbe wa ngozi za watu na kuwaangazia. Kisha akaja daktari Mjerumani mwingine, Friedrich Meyer-Betz, ambaye mwaka 1912 alijidunga miligramu 200 za porifirini ili aone itakuwaje. Alitoka nje kwenye jua, uso ukavimba asitambulike, na akabaki adui wa mwanga kwa wiki nyingi.

"Huyo mimi namwelewa," mdogo wangu akasema.

Miongo mingi baadaye bado shida ilikuwa ile ile ya Meyer-Betz: ukiidunga porifirini kwenye mshipa, inasambaa mwili mzima, na mgonjwa anajificha ndani wiki kadhaa. Wazo la kupaka malighafi juu ya ngozi na kuiacha seli ijitengenezee porifirini lilitolewa na James Kennedy na Roy Pottier kule Kingston, Kanada, mwaka 1990. Kwangu mimi hapo ndipo tiba hii ilipopata akili.

Saa tatu zilipokwisha, muuguzi alitoa plasta, akazima taa za chumba, akawasha taa ndogo ya rangi ya buluu. Sikuwa nimejiandaa. Paji la uso la mdogo wangu liliwaka madoa ya rangi nyekundu ya waridi, kama makaa yaliyofunikwa na majivu. Porifirini ikimulikwa kwa buluu hurudisha nyekundu. Vigamba tulivyovijua viling'aa, sawa. Lakini kuliwaka pia madoa matatu mahali ambapo kidole hakikuwa kimehisi lolote, ngozi laini kabisa kwa macho. Muuguzi hakushangaa. "Hao wako njiani," akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya wageni. Niliposimama pale ndipo nilipoelewa kwa nini madaktari husema wanatibu uwanja mzima, si kidoa kimoja kimoja.

Kisha taa yenyewe. Nyekundu, nanomita 630 na kidogo, jouli 37 kwa kila sentimita mraba, dakika kama nane. Wanachagua nyekundu ingawa porifirini hufyonza buluu kwa nguvu zaidi, kwa sababu buluu huishia juu juu na nyekundu inazama milimita kadhaa. Wote tulivaa miwani ya kukinga macho.

Dakika ya pili mdogo wangu alinibana mkono kwa vidole vyake.

Nataka niliseme hili wazi, kwa sababu mimi na yeye tuliambiwa "haichomi" na tukaamini. Taa ile haina joto la kuunguza ngozi. Kipimajoto hakitakuonyesha kitu. Lakini mishipa ya fahamu haisomi kipimajoto. Inachokozwa na yale yanayotokea kwenye seli jirani, na ujumbe unaofika kwenye ubongo unasema "moto". Hasa usoni. Muuguzi alimpulizia maji baridi, akamgeuzia feni, mara moja akaizima taa kwa dakika mbili ili apumue. Hayo yote yalisaidia. Ambalo lingesaidia zaidi ni kuambiwa ukweli mapema: haiunguzi, lakini utahisi kuungua. Ni sentensi fupi tu.

Na ni nini kilichokuwa kinatokea? Porifirini hunyakua mwanga, inapanda juu kwa nishati, na badala ya kuirudisha yote kama mng'ao, inaikabidhi sehemu kwa oksijeni iliyo karibu. Oksijeni hiyo, iitwayo oksijeni ya singleti, ina hasira ya ajabu na maisha mafupi kupita kiasi: inadumu chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde ndani ya seli, na husafiri makumi ya nanomita tu kabla haijagonga kitu. Seli ya ngozi ina upana wa nanomita elfu kumi na zaidi. Maana yake, oksijeni ile inapiga pale pale ilipozaliwa. Na porifirini, kumbuka, imezaliwa kwenye mitokondria.

Hapo ndipo penye lile jibu nililokuwa nalitafuta. Mitokondria, pamoja na kuzalisha nishati, zina mamlaka juu ya kifo cha seli. Ukuta wake unalindwa na protini kama Bcl-2, ambazo kazi yake ni kuzuia amri ya kifo isitekelezwe, na seli za saratani mara nyingi huzirundika kwa wingi. Mwanga unaziharibu. Ukuta unavuja, inatoka protini iitwayo sitokromu c, na kule nje kuonekana kwake ni ishara isiyo na mjadala. Inaungana na wenzake, inaamsha kaspesi moja, yaani kimeng'enya cha kukata protini, hiyo inaamsha nyingine, na mkasi baada ya mkasi seli inajikata vipande na kujifunga kwenye vifurushi vidogo. Hii ndiyo apoptosisi, kifo kile kile ambacho p53 ingeamuru kama ingekuwa hai. Amri imeingizwa chini ya pale waya ulipokatika.

"Mmeacha fyuzi, mmekwenda kwenye betri," mdogo wangu alisema tulipokuwa tunarudi, uso umefunikwa kofia, skafu na miwani. Alikuwa na uso mwekundu na njaa.

Si kila seli hufa kwa adabu hiyo. Zilizopigwa sana hupasuka tu, na zilizopata dozi ndogo zina hadithi nyingine. Seli iliyojeruhiwa bila kufa huwasha njia zake za kunusurika, NF-kB na Akt zikiwemo, na huweza kutoka pale ikiwa ngumu kuliko ilivyoingia. Ndiyo maana dozi ya mwanga na muda wa kusubiri si mambo ya kukadiria kwa macho, na ndiyo maana siwezi kuvumilia matangazo ya taa za nyumbani zinazodai kutibu kila kitu. Taa nyekundu bila porifirini ni Raab bila akridini.

Seli inayokufa pia hupiga kelele, ingawa kelele zake ni za kikemia. Inatoa nje ATP, molekuli inayobeba nishati yake, inapandisha protini iitwayo kalretikulini kwenye utando wake, kama mtu anayetundika kitambaa dirishani kuashiria "njooni mnile". Walinzi wa kinga wanakuja, wanakula, na wengine wanabeba vipande kwenda kuwaonyesha wenzao. Mwaka 1996 Mladen Korbelik na wenzake walionyesha uzito wa jambo hili kwa panya. Uvimbe wa panya wasio na kinga uliyeyuka chini ya mwanga sawasawa na wa panya wazima, kisha ukarudi. Kwa wale wenye kinga, wengi walipona moja kwa moja. Mwanga ulikuwa umeanzisha kazi, si kuimaliza.

Kwenye benchi letu alikuwepo mama mmoja aliyekuja kwa saratani ya seli za msingi, doa bapa mgongoni. Mdogo wangu aliuliza kama ni ugonjwa mmoja. Hapana, na tofauti yake ni tamu kuisimulia. Kule kilichoharibika mara nyingi ni njia ya ujumbe iitwayo Hedgehog, yaani kalunguyeye. Jina lilitoka kwa Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus, ambao mwaka 1980 walieleza viluwiluwi vya nzi walioharibika jeni fulani na kujaa miiba mwili mzima. Njia hiyo hujenga mwili wa kijusi, kisha kwa mtu mzima huwa imenyamaza kwa sehemu kubwa. Kwenye saratani hii inapiga kelele bila kukoma. Kufungwa kwake kuligunduliwa kwa kondoo: miaka ya 1950 huko Idaho, Marekani, wana-kondoo walizaliwa na jicho moja katikati ya uso, na ikabainika mama zao walikula mmea uitwao Veratrum californicum siku ya 14 hivi ya mimba. Kemikali ya mmea huo ilikuwa inaziba njia ya kalunguyeye. Kutokana na ujuzi huo ikaja vismodegibu, kidonge kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa saratani hiyo ikiwa imekithiri. Inanyamazisha ujumbe mmoja mwili mzima, na mwili wote unalipa: misuli inakaza, nywele zinanyonyoka, chakula kinakosa ladha. Taa inalipisha pale inapomulika tu.

Lakini sitaki kuipamba. Kwa saratani ya seli za msingi iliyo juu juu, utafiti wa Uholanzi wa wagonjwa 601 uliofuatiliwa miaka mitano ulikuta tiba ya mwanga imewaacha asilimia 62.7 bila uvimbe, huku krimu ya imikwimodi ikifikia asilimia 80.5 na ile ya fluorourasili 70. Taa ilishika mkia. Kilichozama zaidi ya milimita mbili hivi hakifikiwi vizuri, na melanoma, saratani ya seli za rangi za ngozi, haiguswi kabisa kwa njia hii: melanini yake inameza mwanga, na ugonjwa wenyewe hauvumilii majaribio. Huo ni wa kisu, mapema. Thamani ya taa iko kwenye uwanja mpana wenye madoa mengi ya juu juu, kwa mtu ambaye tayari ana makovu ya kutosha.

Ipo namna nyingine isiyouma sana: unapakwa krimu, baada ya nusu saa unakaa nje kwenye mwanga wa mchana kwa saa mbili, ukiwa umepakwa losheni ya kuzuia urujuanimno. Porifirini inatumika kadiri inavyotengenezwa, hairundikani, maumivu yanapungua. Daktari alimtajia mdogo wangu. Alimsikiliza kwa heshima hadi mwisho, kisha akasema, "Daktari, mimi jua nimeshalipa."

Vidonda vilikauka kama wiki mbili, maganda yakadondoka, chini ikaja ngozi ya waridi, laini. Baada ya miezi mitatu tulirudi. Daktari alipitisha kidole taratibu kwenye paji la uso, kwenye masikio, akaishika mikono na kuipapasa. Kwenye ncha ya sikio la kushoto kidole kikasimama. Nami niligusa nihakikishe: msasa.

"Huyu bado hajasikia," mdogo wangu akasema.

Muuguzi akaleta krimu. Ilikuwa saa nne asubuhi.